Hakuna jiwe ndani ya Livingstone

Babu yangu alibatizwa Livingstone akiwa kijana, katika kanisa la Anglikana huko Mpwapwa, na hadi anaingia kaburini aliamini kwamba jina hilo maana yake ni jiwe lililo hai. Ndivyo katekista wake alivyomfundisha, na ushahidi ulikuwemo kwenye Biblia: Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 2, pale Kristo anapoitwa jiwe lililo hai na waumini wakaitwa mawe yaliyo hai. Babu alikuwa fundi mwashi, kwa hiyo nadhani unaelewa jinsi alivyolipenda. Alipomaliza nyumba yake ya matofali ya kuchoma, alichora kwa msumari kwenye saruji mbichi juu ya mlango: 1 PET 2:5. Maandishi yapo mpaka leo, ingawa ile 5 imeliwa na mvua.

Halina jiwe hata dogo. Nililijua hilo miaka minne baada ya kumzika, na kwa kweli nilishukuru kwamba sikulijua mapema, maana nisingeweza kunyamaza.

Kwanza nieleze limenifikiaje mimi. Kwetu, kama kwa Watanzania wengi, mtu anabeba jina lake, la baba yake, na la babu yake. Livingstone lilikuwa jina la kwanza la babu, kwa baba yangu likawa la pili, kwangu likawa la mwisho. Kwa mwendo huo, mtoto wangu angemaliza na jina la baba yangu, na Livingstone lingeanguka kama tunda lililoiva. Lakini pasipoti imeandika "jina la ukoo: Livingstone". Benki nayo hivyo hivyo, chuo hivyo hivyo. Mwaka jana tulipopata mtoto wa kiume, fomu ya cheti cha kuzaliwa ikaniuliza jina lake la ukoo, nikakaa na kalamu mkononi muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Mke wangu akauliza kama nimesahau kuandika.

Shuleni jina hili lilinitesa kidogo. Kwenye somo la historia mwalimu aliandika ubaoni "Mawakala wa Ukoloni", halafu makundi matatu: wapelelezi, wamisionari, wafanyabiashara. Chini ya wapelelezi, mstari wa kwanza, nikalikuta jina langu. Darasa zima likageuka. Mwaka ule wote niliitwa Wakala. Siku hizi wakala ni yule wa kutoa pesa kwa simu na ni mtu wa heshima zake, lakini enzi zile halikuwa jina la kupenda. Nikiwa Dodoma kero ilikuwa nyingine: niliulizwa kila mara kama nina undugu na Livingstone Lusinde, yule aliyekuwa mbunge wa Mtera, Kibajaji. Hapana. Wagogo wenye jina hili ni wengi.

Basi jina lenyewe.

Kiasi cha kilomita 25 magharibi ya Edinburgh, katika Nyanda za Chini za Uskoti, kuna mji unaoitwa Livingston. Ukiuona leo hutadhani una historia. Ulitangazwa kuwa mji mpya mwaka 1962 kupunguza msongamano wa Glasgow, na umejaa mizunguko ya barabara na maduka makubwa. Ila kabla ya hapo palikuwa na kijiji, na kabla ya kijiji palikuwa na mtu. Mtu huyo aliitwa Leving, mwenye ardhi wa karne ya 12, zama za Mfalme David wa Kwanza. Hati za abasia ya Holyrood zinamtaja akiitoa sadaka kanisa la kijiji chake, na mwanawe Thurstan akithibitisha. Katika Kiingereza cha kale neno "tun" lilikuwa boma, makazi, shamba lenye uzio. Boma la Leving: Levingstun. Watoto na wapangaji wa eneo hilo wakaitwa "wa Levingston", kama sisi tunavyosema Msangu au Mpare kwa kuangalia mtu ametoka wapi. Karne zilivyopita masikio yakasahau Leving ni nani. Mwandishi mmoja akaongeza herufi hapa, mwingine pale, mpaka neno likafanana na maneno mawili ya Kiingereza yaliyo na maana tofauti kabisa. Jiwe liliingia kwa mlango wa tahajia.

Kwa hiyo katekista wa Mpwapwa hakuwa mjinga. Alisoma kile kilichoandikwa.

Hawa wa Nyanda za Chini walipanda sana. Wakawa mabwana wa Callendar, kisha mwaka 1600 wakapewa uerli wa Linlithgow. Mary Livingston alikuwa mmoja wa wasichana wanne, wote wakiitwa Mary, waliokwenda Ufaransa pamoja na Malkia Mary wa Waskoti alipokuwa mtoto. Baada ya uasi wa 1715 walipoteza vyeo na ardhi kwa kusimama upande ulioshindwa. Tawi moja lilikuwa limeshavuka bahari: Robert Livingston, mtoto wa mchungaji aliyekimbilia Rotterdam kwa ugomvi wa dini, alipata eneo kubwa kando ya Mto Hudson mwaka 1686. Kizazi chake kilitia saini Azimio la Uhuru la Marekani, na tarehe 30 Aprili 1789 Robert R. Livingston ndiye aliyemwapisha George Washington. Katika ukoo huohuo walikuwemo wafanyabiashara wakubwa wa watumwa wa New York. Nalitaja hili kwa sababu Afrika Mashariki jina Livingstone limeandikwa kwenye vitabu kama jina la mpinga utumwa. Jina halina msimamo. Hubebwa na yeyote.

Lakini yule mpinga utumwa, David, hakuwa wa ukoo huu. Hapa ndipo habari ilipoanza kunikosesha usingizi.

Nilikwenda Uskoti kwa kozi fupi ya wiki sita, Glasgow. Wikendi moja nilipanda treni hadi Oban, mji wa bandari magharibi, nikafikia kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mtu mzima. Alipofungua pasipoti yangu alinitazama, akaitazama tena pasipoti, akacheka kwa furaha ambayo sikuitegemea. "Mama yangu alikuwa Livingstone," akasema. "Wa Lismore. Wewe ni wa wapi?" Nikamwambia Mpwapwa. Akafikiri. "Hao siwajui," akasema, kwa dhati kabisa, kama vile Mpwapwa ni kisiwa kingine kidogo ambacho meli haifiki kila siku.

Ni yeye aliyenisukuma kwenda. Lismore ni kisiwa kirefu chembamba, kama kilomita 16 toka ncha hadi ncha, na wakazi wake hawafiki 200. Kivuko kutoka Oban kinachukua chini kidogo ya saa moja. Kwa Kigaeli, lugha ya asili ya huko, ni Lios Mòr, na "lios" ni uwanja uliozungushiwa uzio. Boma tena. Nilianza kuona kama jina hili halitaki kutoka bomani.

Watu wa Lismore na pwani ya Appin hawakuwa Livingstone hapo kale. Walizungumza Kigaeli, na hawakuwa na majina ya ukoo kama tunavyoyafahamu kwenye fomu. Mtu aliitwa Iain mwana wa Domhnall mwana wa Alasdair. Hiyo "mac" inayojaza vitabu vya simu vya Uskoti na Ayalandi ndiyo "bin" ya watu wa pwani yetu, na kwa wanawake lipo neno jingine, "nic", kama binti. Kila kizazi jina la mwisho lilibadilika. Mtu hakuhitaji jina la kudumu mahali ambapo kila aliyekutana naye alimjua baba yake. Jina la kudumu ni haja ya karani: yule wa kodi, wa mahakama, wa kanisa, wa jeshi. Nilipolisoma hili nilijiona mimi na pasipoti yangu.

Familia hizo za Lismore zilijulikana kwa jina ambalo Waingereza waliliandika MacLeay au Maclea. Asili yake wataalamu wanavutana nayo. Wapo wanaosema ni Mac an Lèigh, mwana wa tabibu. Wapo wanaosema ni Mac Dhuinnshléibhe, yaani mwana wa Donnshléibhe, jina la mtu linalounganisha "donn", rangi ya kahawia, na "sliabh", mlima. Ukilitamka kwa haraka, katikati yake humezwa na kinachobaki kinakaribia Maclea. Jambo la kustaajabisha ni kwamba maelezo yote mawili yanakupeleka mahali pamoja, ng'ambo ya maji, Ayalandi.

Mac Duinnshléibhe walikuwa wafalme wa Ulaid, mashariki ya Ulster, kaskazini mwa Ayalandi. Mwaka 1177 mpiganaji wa Kinormani, John de Courcy, aliingia na jeshi dogo akateka Downpatrick, na Mfalme Ruaidhrí Mac Duinnshléibhe hakuweza kumtoa. Ufalme ukavunjika, Ruaidhrí mwenyewe akauawa mwaka 1201. Waliobaki walihamia magharibi, Donegal, na huko wakageuka kitu kingine kabisa: wakawa matabibu wa kurithishana wa wakuu wa O'Donnell. Baba alimfundisha mwana, mwana akamfundisha mjukuu, kama waganga wa kwetu, ila wao walikuwa na vitabu. Cormac Mac Duinnshléibhe wa karne ya 15 alifasiri vitabu vya tiba kutoka Kilatini kwenda Kigaeli. Wengine wa ukoo huo waliitwa tu "Mac an Ultaigh", mwana wa mtu wa Ulster, kwa sababu ukihamia ugenini watu hukuita kwa ulikotoka. Ndio McNulty wa leo. Wengine ni Dunleavy na Donlevy. Ni mti mmoja, lakini kila tawi karani wake.

Sasa wa Lismore walifikaje kwenye Livingstone? Maelezo yanayopendwa ni kwamba katika karne ya 17 bwana mmoja wa akina Livingstone wa Nyanda za Chini alipewa mapato ya mashamba ya uaskofu wa Argyll, na wenyeji wakachukua jina la mwenye mamlaka. Kilicho wazi ni kwamba zama hizo Kigaeli kilikuwa mzigo mbele ya serikali, na watu wengi wa Nyanda za Juu walijichagulia jina la Kiingereza lililo karibu na lao, au lililo na nguvu. Mac an Lèigh akaandikwa Livingstone. Nyumbani, kwa Kigaeli, akaendelea kuwa Mac an Lèigh.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Kwa maana babu yangu kanisani na kwenye orodha ya mishahara alikuwa Livingstone, na jikoni kwake, hadi mwisho, bibi alimwita kwa lile jina la Kigogo alilopewa na mama yake. Hilo silitaji hapa. Lilikuwa la bibi peke yake kulitamka na mimi sina ruhusa.

Lismore wana fimbo. Inaitwa Bachuil Mòr, ni mti mtupu usio na mapambo, uliowahi kuvishwa shaba iliyopakwa dhahabu, na inasemekana ni bakora ya Mtakatifu Moluag, mmonaki wa Kiayalandi aliyefariki mwaka 592. Hekaya yake ni tamu. Moluag na mmonaki mwenzake Columba walishindana kwa mashua nani atafika kwanza kisiwani na kukimiliki. Moluag alipoona anapitwa, alikata kidole chake akakirusha ufukweni, akapiga kelele kwamba nyama na damu yake imetangulia. Akashinda. Hati ya mwaka 1544 inathibitisha familia hii kuishikilia ardhi yao kwa kazi ya kuitunza fimbo hiyo, na mkuu wao, Baroni wa Bachuil, bado anaitwa Livingstone. Hii ndiyo milki yao: shamba dogo na kipande cha mti. Nimewahi kuona wazee wa kwetu wakishikilia kigoda kwa namna ileile.

Mwaka 1746, kwenye vita vya Culloden, watu wa jina hili walikuwa katika kikosi cha Appin. Wanasimulia kwamba Donald Livingstone wa Morvern aliichomoa bendera ya kikosi kwenye mti wake, akajizungushia mwilini na kuondoka nayo hai. Bendera hiyo imehifadhiwa Edinburgh. David Livingstone ameandika kwamba baba wa babu yake aliuawa Culloden. Babu yake alilima kisiwa cha Ulva, ardhi ikawashinda, akahamia Blantyre karibu na Glasgow kutafuta kazi kwenye kiwanda cha pamba. Hapo ndipo David alipozaliwa tarehe 19 Machi 1813, na ndipo alipoanza kazi akiwa na miaka 10, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku.

Nilikwenda pia Blantyre. Chumba kipo, jumba limekuwa makumbusho. Futi 14 kwa 10, wazazi na watoto wote humohumo. Nilisimama mlangoni nikipiga hesabu za vitanda. Ukutani kulikuwa na mambo ya Afrika, lakini mimi niliangalia sahihi. Barua zake za ujana zimeandikwa Livingston, bila "e". Baadaye, alipokuwa tayari mtu wa kujulikana, "e" ikarudi kwa matakwa ya baba yake. Herufi hiyo moja ndiyo iliyokamilisha jiwe la babu yangu. Bila hiyo, sijui katekista angechora nini.

Na jambo jingine nililiona pale likanichekesha peke yangu. Mwaka 1840 kijana wa kiwandani mwenye jina la kukopa alipata leseni ya udaktari Glasgow. Mac an Lèigh. Mwana wa tabibu alikuwa tabibu, chini ya jina la mwenye shamba asiyemhusu.

Jina lilivyosambaa baada ya hapo sihitaji kukueleza sana, ramani inajieleza. Mji wa Livingstone, Zambia, uliokuwa makao makuu ya Rhodesia ya Kaskazini kuanzia 1911 hadi 1935. Livingstonia, Malawi. Chuo cha Livingstone huko North Carolina, kilichoanzishwa na kanisa la Wamarekani weusi na kupewa jina hilo 1887. Kule Kongo kuna Maporomoko ya Livingstone, ambayo yeye hakuyaona kamwe, Stanley alimgawia. Na kwetu kuna Milima ya Livingstone, ukuta mkubwa unaoshuka ghafla hadi Ziwa Nyasa, ambako Wakinga wanaishi juu na Wakisi wanafinyanga vyungu chini. Nimesimama Matema nikaitazama. Hiyo nayo iko kwenye mkoa wa watu wa Nyanda za Juu, na nayo ina jina la nyumbani ambalo ramani haikuuliza.

Ila ninaowakumbuka zaidi ni waliombeba David. Alipofariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, moyo wake ulizikwa chini ya mti, na watumishi wake, akina Chuma, Susi na Jacob Wainwright, wakauchukua mwili hadi Bagamoyo. Njiani, kwa hofu ya wenyeji kukataa maiti ipite nchini mwao, walijifanya wameirudisha Unyanyembe, wakaifunga kama robota la nguo. Wainwright ndiye aliyechonga maandishi kwenye ule mti. Alikuwa Myao, alinusurika utumwani, akasomeshwa Nasik, India, na huko ndiko alikobandikwa jina la Kiingereza ambalo maana yake ni fundi magari ya kukokotwa. Susi alibatizwa Zanzibar mwaka 1886, akachukua jina David. Angeweza kuchukua Livingstone. Alichukua la kwanza, lile ambalo rafiki humwita rafiki. Misheni ya Mpwapwa, ile ambayo miaka mingi baadaye ilimbatiza babu, ilianza miaka michache tu baada ya safari hiyo.

Babu alinieleza wakati mmoja kwa nini alichagua Livingstone. Katekista aliwapa orodha ya majina. Yohana walikuwepo wawili tayari, Petro mmoja, na Livingstone lilikuwa ndilo refu kuliko yote. "Nililipia bei ileile," akasema, "kwa nini nichukue fupi?"

Tuirudie fomu. Nilimpigia simu bibi, ana miaka tisini na kitu na masikio yake ni ya kuchagua. Nikamweleza habari zote: Leving, boma, Lismore, matabibu wa Ayalandi, kwamba halina jiwe. Alinyamaza muda, nikadhani mtandao umekatika.

"Jiwe lipo," akasema. "Liko juu ya mlango wangu."

Nikamuuliza basi mtoto nimwandike nani.

"Mwandike babu yako."

"Kwa jina lipi, bibi?"

"Hiyo karatasi ina nafasi ngapi?"

"Tatu."

"Sasa unauliza nini?"

Nikaandika jina tulilomchagulia mimi na mke wangu. Mwisho nikaandika Livingstone, pamoja na "e" yake. Katikati nikaandika lile la jikoni, na kabla ya kulitia wino nilimwomba bibi alitamke herufi kwa herufi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu wa familia yetu kuliandika.

Alikosea herufi mbili. Nimeziacha.